Sakafu ya Kijivu

Atupele Mwambene alimzika mama yake Jumamosi, na Jumatatu asubuhi akarudi kazini akitamani chai tu.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ganzi. Si ile ya mguu uliokaliwa vibaya, bali kipande chembamba kama ganda la kitunguu kilichobandikwa kisogoni mwake, chini ya nywele. Nyaraka za serikali zilikiita Kizuia Hisia. Wasomaji wa michoro waliokivaa kutwa nzima, mwaka baada ya mwaka, walikiita ganzi, na jina likakaa. Kanuni ilimtaka kila msomaji akibandue akitoka kazini. Atupele mwanzoni alisahau, kisha akaona kusahau kuna raha yake, kisha hakukumbuka tena kwamba kuna kitu anasahau.

Kwa hiyo kule Tukuyu, wanawake walipoangua kilio, yeye alisimama ukingoni akawaza kwamba kaburi limechimbwa kwa ustadi, pembe zake zimenyooka. Jumapili wanawake wa ukoo walisiriba upya sakafu ya jiko la mama yake, jiko la udongo ambalo marehemu aligoma kulitia saruji hata watoto walipomchangia. Walipoinuka, Atupele aliona wamebakiza sehemu karibu na mafiga, kama upana wa ungo. Akachota udongo uliosalia kwenye beseni, akapiga magoti, akapamalizia. Shangazi yake Kissa alishika mdomo.

"Huyu mtoto wamemkausha," shangazi alimnong'oneza jirani.

Atupele alisikia. Akakubali kuwa ni kweli, kama mtu anavyokubali kwamba leo ni Jumapili.

* * *

Jumba la Michoro la Nyanda za Juu lilijengwa Mbeya, chini ya mlima Loleza, mahali ambapo ukungu wa Julai huingia hata ndani ya makabati. Lusajo, mkuu wa jumba, alimkuta Atupele kwenye chumba cha usomaji amekumbatia kikombe. Walisoma chuo kimoja, na Atupele hakuwa na haja ya kumwita kwa cheo.

"Pole sana, dada Atu. Ungepumzika hata wiki."

"Nipumzike nifanye nini?"

Lusajo alinyoosha tai yake. Alikuwa mtu wa tai na tabasamu, na vyote viwili vilimpwaya asubuhi ile. "Haya. Kuna turubai moja. Kubwa kama ukuta, la kijivu tupu. Mwenyewe yuko mapokezi na ameshagombana na watu wote wa pale."

"Mtu au mashine?"

"Wewe ndiye utuambie. Ukiniuliza mimi, hata fundi wa kupaka chokaa angelia kuitwa mchoraji wa kitu kile."

Kabla Atupele hajazaliwa, mashine zilijifunza kuchora. Zilichora bila kulala: picha nzuri, picha za kuliza, hadi watu wakachoka kulizwa na kitu ambacho hakijawahi kulia. Ndipo ikapitishwa Sheria ya Mkono. Majumba ya umma yangehifadhi kazi za binadamu peke yake, na kila rangi iuzwayo itiwe chembe za kumbukumbu. Chembe hizo zilishika joto la vidole, uzito wa mkono, mwendo wake na kusita kwake, na rangi ilipokauka ziliganda na habari hizo zote. Picha ya ng'ombe au ya bibi harusi haikusumbua mtu. Taabu ilikuwa kwenye michoro ya kisasa, ile isiyofanana na kitu chochote: mistari, mabaka, rangi moja kutoka pembe hadi pembe. Matapeli walijificha humo. Waliachia mashine imwage rangi, kisha wakaja na maneno marefu. Wabunge wenyewe walikuwa wamepiga meza wakisema mchoro usio na fikra ndani yake ni ukuta uliopotea njia.

Kwa hiyo walihitajika wasomaji. Msomaji alivaa Mfuasi, shati la mkono mmoja lililoshonwa kwa nyuzi za chuma laini. Taa ilipita juu ya rangi, chembe zikajibu, na Mfuasi ukauchukua mkono wa msomaji na kuupitisha kulekule ulikopita mkono wa mchoraji. Ganzi iliwekwa ili msomaji asilete yake. Mtu aliyegombana na mumewe asubuhi angeweza kukasirika mbele ya mchoro mtulivu na kuapa kwamba mchoraji ndiye mwenye hasira. Moyo ukinyamazishwa, chochote kilichopita mwilini kilikuwa cha yule mwingine. Kisha msomaji alisema neno lake. "Mkono upo," na kazi ilitundikwa. "Mkono mtupu," na kazi ilikwanguliwa, chembe zikaoshwa, zikarudi sokoni, maana zilikuwa haba na ghali.

Atupele alikuwa msomaji mzuri kuliko wote. Watu walidhani mstari mmoja mwekundu ni kazi ya kufumba na kufumbua. Mkono wake ulijua mistari iliyovutwa kwa pumzi iliyozuiwa, na mabaka meusi ambayo mchoraji aliyafuta na kuyarudia hadi kiwiko kikauma. Alijua kwamba penye vitu vichache kila kitu kinaonekana, kwa hiyo hapana pa kujificha. Alijua hayo kama fundi ajuavyo joto la tanuri bila kutia kidole. Yalipita mkononi mwake, yakatoka.

* * *

Bibi Tusajigwe Mwalupembe aliingia na koti la kiume juu ya kanga, mikono yake ya kijivu hadi viwikoni, na nywele nyeupe alizojisukia mwenyewe, tena bila kioo. Mchoraji aliruhusiwa kushuhudia usomaji wa kazi yake. Hakuruhusiwa kuzungumza.

"Ugonile, mwanangu," alimsalimu Atupele kwa lugha ya kwao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye utakayeniambia kama nina mkono?" Aliinua yote miwili. "Mimi nilidhani ninayo miwili."

"Mama, kanuni hairuhusu mchoraji kusema wakati wa usomaji."

"Na baada yake?"

"Baada yake ni sawa."

"Sawa. Nikishakwanguliwa ndipo niongee, kama mzimu."

Lusajo alicheka kwa adabu. "Mama yangu, ungetueleza tu hii picha ina maana gani tukamaliza mapema. Sisi si maadui zako."

"Baba, nikikueleza utakuwa umesikia. Mimi sikuchora usikie."

Turubai lilining'inia ukuta mzima. Lilikuwa la kijivu cha jivu lililolowa, na ukilitazama kwa ubavu uliona pinde zilizofuatana kama magamba ya samaki, mamia kwa mamia, za ukubwa ule ule. Chini upande wa kulia, karibu na ukingo, kulikuwa na sehemu wazi, nguo ya turubai ikionekana.

"Hapo pamebanduka," Lusajo alisema. "Wameliburuza."

Bibi Tusajigwe alivuta pumzi ya kusema kitu, akatazama kanuni zilizobandikwa mlangoni, akaitoa pumzi ile puani.

Taa ilianza kupita. Mfuasi ulimkaza Atupele begani, ukauchukua mkono. Haukuwa mwendo wa brashi. Ulikuwa kiganja kilicholala, kikivutwa kutoka kushoto kwenda kulia kwa pinde pana, kikarudi, kikavutwa tena. Na tena. Atupele alisubiri kusita, kwa maana penye kusita ndipo fikra huonekana: mchoraji anachagua, anaogopa, anabadili nia. Kiganja hakikusita. Uzito ule ule, mwendo ule ule, kama mtu anayefuta meza baada ya wageni. Taa ilipofika kwenye sehemu wazi, Mfuasi ulilegea kidogo kisha ukaruka ng'ambo, kwa kuwa pasipo na rangi hapakuwa na chembe, na pasipo na chembe hapakuwa na la kusoma. Kwenye kioo cha chombo pembeni, tarakimu iliyohesabu maamuzi ya mchoraji ilikaa sifuri tangu mwanzo hadi mwisho.

"Kwa heri turubai," Lusajo alisema chini chini.

Atupele aliuvua Mfuasi. Alikuwa ameshafungua mdomo kutamka alichokitamka mara nyingi katika chumba kile, maneno mawili tu, alipoona mkono wake wa kulia. Ulikuwa bado unakwenda. Kiganja kimelala juu ya hewa, kinavuta pinde, kinarudi. Aliutazama kama anavyotazama mkono wa abiria mwenzake.

"Nitatoa jibu baada ya chakula cha mchana," alisema.

Lusajo alishangaa. "Atu, ni sifuri."

"Nimeona. Baada ya chakula."

* * *

Mgahawa wa jumba uliuza viazi na maharage, na chai ambayo Atupele alijua kuwa ni ya moto kwa kuona mvuke. Alikaa peke yake. Chai kidogo ilimwagika mezani, na kabla hajatafuta kitambaa kiganja chake kilikwishaanza kuitandaza, pinde kwa pinde, kikirudi nyuma kuelekea kifuani mwake.

Kikirudi nyuma.

Alisimamisha mkono, akaurudisha mwanzo, akaufuata kwa macho. Mtu anayefuta meza huenda popote. Huyu alianza mbali akaja karibu, safu baada ya safu, hakuvuka hata mara moja mahali alipokwisha kupita. Ni mwendo wa mtu anayejua kwamba alichokiacha mbele yake ni kibichi na hatakikanyaga. Anaanza ukuta wa mbali. Anamalizia mlangoni, akitoka kinyumenyume.

Turubai halikuchorwa likiwa limesimama. Lilisiribwa likiwa chini.

Bila shaka hakukuwa na maamuzi. Mama yake alipokuwa akisiriba jiko lake hakuamua chochote. Alizungumza habari za majirani, alimgombeza kuku, na mkono ukaenda wenyewe, kwa sababu mkono wa mama yake ulijifunza kazi ile kutoka kwa bibi yake Atupele, na wa Atupele ukajifunza kutoka kwa mama, zamani, kabla ya chuo. Ufundi uliozama kiasi hicho haukuwa na pa kusitia. Bibi Tusajigwe aliuchukua makusudi, mkono usioamua, akautandaza ukuta mzima, ili kuwe na mahali pamoja tu palipoamuliwa. Na hapo alipoamua, hakupaka.

Atupele aliinua kiazi, akakirudisha sahanini.

Mahali pale pamoja tu. Karibu na ukingo, kama upana wa ungo.

Akaliona jiko la Tukuyu. Aliona mafiga, na mahali ambapo mama yake alikaa miguu imenyooka akichambua maharage, palipobonyea kwa kukaliwa. Aliona wanawake wakirudi nyuma na viganja vyao, wakifika pale, wakipazunguka. Wanawake watu wazima, mafundi, walioanza kusiriba tangu hawana meno ya ukubwani. Yeye akadhani wamesahau. Akachukua udongo akapamalizia, vizuri, akalainisha ukingo usionekane.

Alilitazama jambo hilo jinsi lilivyo. Alijua kwamba ni kubwa. Alijua ukubwa wake kwa namna aliyojua joto la chai.

* * *

"Lilazeni chini," alisema alipokuwa amerudi.

Lusajo alisaidiana na mafundi kuliteremsha turubai, akilalamika juu ya mgongo wake na juu ya wachoraji. Mafundi walipoondoka, Atupele alivua viatu, akapiga magoti ukingoni, akapitisha kidole kuzunguka sehemu wazi. Rangi haikuwa imebanduka. Ukingo wake ulikuwa laini, umekunjwa ndani kwa kidole gumba, kama mtu akunjavyo pindo la nguo.

"Hapa hapakubanduka," alisema. "Hapa paliachwa. Ndiyo picha yenyewe. Sehemu nyingine yote ipo ili hapa paonekane."

Bibi Tusajigwe, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha mlinzi, alikunja mikono kifuani.

"Vizuri," Lusajo alisema. "Andika 'mkono upo', tukanywe chai."

"Mfuasi hauoni palipoachwa, Lusajo. Unasoma mkono ulipogusa. Mkono uliojizuia hauusomi."

"Nimekuelewa. Andika 'mkono upo'."

"Nikiandika hivyo nitakuwa nimesema chombo kimeona. Hakikuona. Nimeona mimi."

Lusajo alifunga mlango. Aliporudi tabasamu lilikuwa limekwisha. "Sikiliza, dada yangu. Ukisaini kwamba chombo kina upofu, sheria inasimamisha usomaji nchi nzima siku hiyo hiyo. Kisha watauliza: huu upofu umeanza leo? Watafungua majalada. Ya kwanza yatakuwa ya nani?"

"Yangu."

"Yako! Wewe uliyesifiwa mpaka kwenye magazeti. Kila uliyemwambia mkono mtupu atakuja hapa na mawakili wake. Na utamjibu nini? Ile michoro haipo, Atu. Tumeiosha. Iko kwenye kuta za watu wengine." Alishusha sauti. "Okoa hili moja. Nani atajua? Mama atafurahi, wewe utabaki na kazi. Uongo mdogo kabisa, tena wa kuokoa."

Atupele alifikiri. Kwa mtu mwenye ganzi uongo na ukweli havipishani uzito. Hakuna kinachomchoma upande wowote. Aliyapanga mambo mbele yake kama vyombo. Upande huu turubai moja lingepona. Upande ule yangepona yote ambayo bado hayajasomwa, ya watu asiowajua, wanaojizuia mahali fulani kwa sababu asizozijua. Na yale yaliyokwisha kukwanguliwa yasingerudi kwa upande wowote. Alijaribu kukumbuka mistari, mabaka, weupe ulioachwa katikati ya weusi. Mkono wake uliyakumbuka yaliyopakwa. Weupe haukuukumbuka hata kidogo. Mfuasi ulikuwa umeruka.

"Ni michoro mingapi tuliyokosea, unadhani?" Lusajo aliuliza, sasa kwa sauti ya mtu aliyeogopa kweli.

"Sijui. Hakuna atakayejua."

Alivuta kibao cha majibu. Hakugusa kitufe cha mkono upo wala cha mkono mtupu. Chini kabisa kulikuwa na cha tatu, kidogo, ambacho hajawahi kumwona msomaji akikigusa. Alibonyeza, akaandika: *Chombo hakioni palipoachwa. Usomaji usimame.* Akaweka kidole chake cha sahihi. Mahali fulani ghorofa ya chini mtambo wa kukwangua uliokuwa ukinguruma tangu asubuhi ulizima, na ukimya wake ukapanda hadi chumbani.

Lusajo alikaa sakafuni na tai yake. "Umetuua, Atu," alisema, bila hasira.

Atupele alipeleka mkono kisogoni, akatafuta ukingo wa ganzi kwa ukucha, akaibandua. Ilitoka na nywele chache. Aliiweka kando ya viatu vyake, akasubiri.

Hakuna kilichokuja. Chumba kilikuwa chumba. Mwanamke mzee alikuwa amekaa kwenye kiti.

"Mama," Atupele alisema. "Pale ni pa nani?"

"Usomaji umekwisha? Naruhusiwa?"

"Unaruhusiwa."

"Pa mume wangu." Bibi Tusajigwe aliinuka, akaja taratibu, akasimama ukingoni mwa turubai. "Kila nikichora alikuja kukaa pale, miguu ameitupa mbele, ananiharibia nafasi. Ananiambia, 'Tusa, hata mbuzi wangu angechora hivyo.' Maisha yetu yote. Hakuwahi kuelewa hata picha moja, mjinga yule, na hakuwahi kukosa hata moja." Alijikuna kiwiko. "Kwetu aliyekufa anaachiwa pake mpaka pajifute penyewe. Nikamwachia."

"Mama yangu walimwachia," Atupele alisema. "Jana. Nikapamalizia."

Bibi Tusajigwe alimgeukia. Alitazama uso wa Atupele, hakupata kitu pale, akatazama kisogo chenye baka jekundu, kisha akaushika mkono wake wa kulia na kuugeuza kiganja juu, kama mtu anayekagua kazi ya mwanafunzi. Kwenye mistari ya kiganja udongo wa Tukuyu ulikuwa bado umo.

"Kuna jua huko?"

"Ukungu tu. Na manyunyu."

"Basi udongo bado mbichi. Mbichi unakwanguka kwa kidole." Aliuachia mkono. "Unakaa hapa unafanya nini?"

Atupele alisimama. Alikuwa upande wa ndani, na turubai lilikuwa kati yake na mlango, limeacha kijia chembamba tu kandokando ya ukuta. Alikifuata bila kufikiri, mgongo ukiwa umetangulia na macho chini, akipazunguka mahali pale kwa hatua ndogo. Lusajo alimtazama akitoka kinyumenyume. Viatu vyake vilibaki kule ndani.

Sakafu ya jumba ilikuwa ya baridi. Aligundua hilo alipofika mlangoni.